Kabla ya Kutuma Pesa ya Silanga, Pima Shimo kwa Kamba

Mwaka jana, mwezi wa tisa, shangazi yangu wa Makueni alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu wa nyumbani akikupigia saa hiyo, unajua ama ni msiba ama ni pesa. Ilikuwa pesa.

"Mama, ile laina imefika," akaniambia. "Lakini shimo limeikataa."

Kama hujawahi kuchimba silanga, laina ni ile karatasi nyeusi ya plastiki nzito ambayo hutandikwa ndani ya shimo ili maji ya mvua yasinywewe na udongo. Shangazi alikuwa amechimba shimo la mita 10 kwa 8, kina mita 2. Muuzaji wa Nairobi alimuuliza kwa simu, "Mama, shimo lako ni ngapi kwa ngapi?" Akajibu kumi kwa nane. Muuzaji akakata laina ya kumi kwa nane, akaipakia kwenye matatu, ikafika salama. Walipoitandika ikaanguka ndani ya shimo kama leso ndani ya beseni. Haikufika ukingoni upande wowote.

Pesa ile ilikuwa ya miezi saba. Ya mayai, ya pojo, na ya zamu yake ya chama. Ilikuwa imekaa kwenye simu bila kuguswa hata mjukuu alipougua, kwa sababu hesabu yake ilikuwa moja tu: mvua ya vuli ijaze silanga, anywesheleze nyanya mvua ikikatika, na karo ya Januari itoke hapo. Muuzaji naye hakukubali kurudishiwa kitu kilichokwisha kukatwa, na kusema kweli, alikata alichoambiwa.

Kazi yangu hapa ni kukuandikia jinsi ya kutumia pesa iliyo kwenye simu yako. Mara nyingi huwa tunaongea kuhusu PIN na matapeli, na leo pia tutafika huko. Lakini hasara ya shangazi haikuletwa na tapeli. Alilipa mtu sahihi, kwa namba sahihi, na akapata meseji sahihi. Alichokosea ni kipimo. Kwa hivyo acha tuanze na maji, pesa itafuata.

Mvua unayoisikia ikitajwa kwa milimita ina hesabu rahisi kuliko unavyofikiri. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja ya maji. Basi. Ukiwa na nyumba ya mabati ya mita 8 kwa 5, hiyo ni mita 40 za mraba. Mvua ya usiku mmoja ya milimita 25 inamwaga lita 1,000 juu ya paa lako. Ondoa kama sehemu moja kwa tano, ile inayoruka, inayovuja kwenye mifereji na ile ya kwanza unayoiacha iende kwa sababu imeosha vumbi na mavi ya ndege. Unabaki na lita 800, yaani jerikeni 40 za lita 20. Sasa jiulize unanunua jerikeni pesa ngapi wakati wa kiangazi kule kwenu, halafu uangalie tena lile paa.

Msimu mzima ukileta milimita 300, paa hilo hilo linakupa karibu lita 9,600. Hayo ni maji mazuri ya kunywa mkishachemsha, ya kuku, na ya kabustani ka sukuma karibu na jikoni. Kwa shamba hayatoshi. Ndiyo maana watu huchimba silanga na kuelekeza huko maji yanayotiririka kutoka barabarani, kwenye njia ya ng'ombe au kwenye mwamba. Barabara ya murram inayokatiza juu ya shamba lako, ambayo kila mwaka unailaani kwa kukuletea korongo, ndiyo hasa unayoitaka. Chimba mfereji mdogo, weka shimo la kunasa mchanga kabla ya maji kuingia, na uwe na mahali pa kutokea maji yakizidi. Ukikosa hilo shimo la mchanga, misimu michache tu silanga itakuwa imejaa matope na utakuwa unamlipa mtu tena kuyatoa.

Sisi watu wa Ukambani tunategemea zaidi mvua ya vuli, kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Ile ya Machi hadi Mei ni ya kubahatisha. Na tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana ikiwa mibaya katika maeneo makavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Halafu vuli ya 2023 ikaja na El Niño, ikafuatiwa na mafuriko ya 2024, maji yakabeba hata daraja. Mtu alikosa maji miaka miwili, kisha akayaona yakipita mbele ya mlango wake kwa wiki chache yakielekea baharini. Uliza mkulima yeyote wa huko kama shida yake ni mvua kidogo tu, atakuambia ni vile inavyokuja yote kwa pamoja.

Kabla hujafikiria kununua chochote, kuna kazi ambazo hazihitaji hata shilingi moja itoke kwenye simu. Fanya juu, kwa mfano. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kurusha udongo upande wa juu, na hapo jina likapatikana. Maji yanasimama, yanazama, na baada ya miaka shamba lenyewe linajitengeneza ngazi. Jina hilo la Kiswahili linatumika katika vitabu vya kilimo duniani kote, na lilianzia kwetu, Machakos. Mwaka 1937 ofisa mmoja wa kikoloni, Colin Maher, aliiandikia Machakos ripoti ya kukatisha tamaa kuhusu mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakatoa kitabu kuonyesha kuwa watu wa eneo hilo hilo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 na bado ardhi ilikuwa imetengenezeka, sehemu kubwa kwa matuta na mitaro hiyo. Wengi waliichimba kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi. Leo kwako, kesho kwangu, gharama ni uji na githeri.

Kuna pia zai, mashimo ya kupandia ambayo asili yake ni Burkina Faso, ambako mkulima Yacouba Sawadogo aliyafanya yajulikane kabla ya kufariki mwaka 2023. Huku kwetu wengi huchimba ya karibu sentimita 60 kila upande, wanachanganya udongo na samadi, wanapanda mahindi kadhaa kwa shimo moja. Maji yote ya jirani yanaingia mle. Ni kazi ya mgongo, sitakudanganya. Nilichimba manane likizo moja nikiwa chuo na nikalala kesho yake yote. Lakini unaweza kuchimba matatu kwa siku kuanzia Julai, na hakuna mtu atakuomba deposit.

Haya. Sasa tuseme umeshaamua ni silanga.

Shimo la silanga halina kuta za kusimama wima, la sivyo udongo unaporomoka. Kuta zinalala. Tuchukue shimo la shangazi kama lilivyokuwa: juu mita 10 kwa 8, kina mita 2, kuta zimelala kiasi kwamba kila mita unayoshuka unaingia ndani mita moja. Chini linabaki mita 6 kwa 4. Likijaa linabeba karibu lita 98,000.

Laina haiendi moja kwa moja kutoka ukingo huu mpaka ule kama kifuniko cha sufuria. Inashuka ukuta, inapita chini, inapanda ukuta mwingine. Ukuta uliolala wa kina cha mita 2 una urefu wa karibu mita 2.83. Kwa hivyo upande mrefu ni 2.83, ongeza 6, ongeza 2.83 tena. Hapo ni mita 11.66. Bado. Laina lazima izikwe kwenye mtaro kando ya shimo ili isiteleze, kwa hivyo ongeza nusu mita kila upande. Umefika 12.66, unanunua 13. Upande mfupi vilevile: 2.83, na 4, na 2.83, na mita moja ya kuzika. 10.66, unanunua 11.

Kumi na tatu kwa kumi na moja ni mita 143 za mraba. Shangazi alinunua 80.

Kama hesabu zinakuchosha, chukua kamba. Mtu mmoja ashike mwisho ukingoni, uishushe ukutani, uipitishe sakafuni, uipandishe ng'ambo, uongeze hatua moja ndefu ya kuzika. Kata. Fanya hivyo upande wa pili. Pima zile kamba mbili kwa futi ya fundi, na hivyo ndivyo vipimo unavyompa muuzaji. Na ufanye hivyo shimo likiwa limeisha, si likiwa kwenye karatasi. Vijana wa kuchimba wakikuta mwamba kwenye mita moja na nusu, kila kitu kinabadilika.

Muuzaji akikuuliza "shimo ni ngapi kwa ngapi", usijibu swali hilo. Mwambie, "Nataka laina ya ngapi kwa ngapi." Ni maswali mawili tofauti. Na umwandikie kwa meseji, hata kama mmeongea kwa simu dakika ishirini. Vipimo, unene, bei, nani analipa usafiri, na kama kuna siku za kubadilisha kabla haijakatwa. Mkikosana baadaye, maneno ya simu yatakuwa yamepepea.

Basi shangazi alifanya nini? Njia moja ilikuwa kuunganisha kipande kingine. Ila kuunganisha laina si gundi na mkasi. Kunahitaji fundi mwenye mashine ya moto, na wa karibu alitaka pesa ya mafuta, ya chakula na ya jenereta. Akatafuta kwenye mtandao laina nyingine ya bei nafuu. Hapo ndipo tapeli naye akapata nafasi ya kupita.

Kulikuwa na tangazo, picha nzuri za silanga imejaa maji ya buluu, bei nusu ya soko. Aliyejibu meseji alikuwa mpole sana. "Mama, ofa inaisha leo saa sita usiku, tuma nusu ya pesa nikuwekee." Akatuma namba ya kawaida ya simu, si Till wala Paybill. Shangazi aliandika namba, akaandika kiasi, na jina likatokea kwenye skrini. Halikufanana na jina la duka hata kidogo. Akamuuliza. Akaambiwa ni la mhasibu. Akaomba kupigiwa simu ya video aonyeshwe duka. Mpole akakasirika, na baada ya dakika kumi akawa amem-block.

Yeye ananiambia hakuwa mjanja, alikuwa tu ameshaumwa mara moja. Lakini tazama alichofanya, kwa sababu ndicho tunachowaomba wateja wetu kila siku: jina likitokea, lisome kabla ya kuweka PIN. Ile sekunde ni yako. Ukishabonyeza, pesa iko kwa mtu mwingine, na kama ni tapeli ataitoa kabla hujamaliza kusema "ngoja". Kama umetuma kimakosa, omba irudishwe hapo hapo, usingoje jioni. Na ukiambiwa na mtu kwamba amekutumia pesa kimakosa umrudishie, angalia salio lako, si meseji. Meseji mtu yeyote anaweza kuiandika.

Duka likiwa na namba ya Till au Paybill, lipa hapo, hata kama muuzaji anakuambia "tuma tu kwa yangu ni rahisi". Rahisi kwake. Kwako, malipo ya namba ya biashara yanabaki na jina la biashara kwenye rekodi, na hiyo ndiyo risiti yako laina ikija na tundu. Deposit ikihitajika, iwe ndogo unayoweza kuishi bila, na inayobaki ulipe mzigo ukiwa umefunguliwa mbele yako. Wauzaji wengi wazuri watakubali mtu wako wa Nairobi aende dukani aone laina ikipimwa. Siku hiyo shangazi angenituma mimi, nauli yangu ingekuwa shilingi mia moja.

Wachimbaji nao wasilipwe zote siku ya kwanza. Gawa kwa kina. Mita moja ikifika, lipa sehemu. Kuta zikilazwa vizuri na mawe na mizizi ya kutoboa laina ikitolewa, lipa iliyobaki. Mnajua mlivyo, mkipewa zote Ijumaa, Jumatatu hamuonekani. (Vijana wa kuchimba, msinikasirikie, hata sisi wa ofisini ni hivyo.)

Kuhusu kuweka akiba. Mkulima hapati mshahara mwisho wa mwezi, kwa hivyo ule ushauri wa "weka asilimia kumi kila mwezi" unampita juu. Pesa ya shamba inakuja kwa mkupuo wakati wa mavuno, na katikati ni vijisenti vya mayai na maziwa. Kilichomsaidia shangazi ni kutenganisha. Mkupuo wa pojo ulipokuja Februari aliweka kiasi fulani kwenye akiba iliyofungwa asiweze kuitoa kabla ya Agosti. Vijisenti vikawa vya kila siku: shilingi 50 hapa, 100 kule. Mia moja kwa siku kwa siku 150 ni 15,000. Chama kikamalizia. Kama akiba yako haifungwi, mpe mtu wa nyumbani asiye na huruma akae nayo.

Mwisho wa yote hakununua laina ya pili. Alirudisha udongo. Wajukuu na majirani wawili walilipunguza shimo mpaka likawatosha laina waliyonayo: juu karibu mita 7.8 kwa 5.8, kina mita moja na nusu. Likabeba kama lita 41,000 badala ya 98,000. Alisimama hapo akiangalia wakimwaga ndani udongo ule ule aliolipa utolewe. Nilikuwa nimeenda wikendi hiyo. Hakusema kitu, alishika jembe akaanza kusawazisha.

Mvua ikaja mwisho wa Oktoba, silanga ikajaa kwa siku tatu. Zikabaki hesabu za matumizi, na hapa wengi wanajidanganya. Mboga wakati wa jua kali zinaweza kutaka kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Robo ya robo ya ekari ni karibu mita 250 za mraba, kwa hivyo ni lita 1,250 kwa siku. Ongeza kile jua linachokunywa lenyewe: silanga iliyo wazi inaweza kupoteza milimita 5 hivi kwa siku, na kwa yake ndogo hiyo ni kama lita 225. Gawanya. Lita 41,000 zinampa karibu wiki nne. Zile 98,000, kwa shamba hilo hilo, zingempa kama wiki nane. Nyanya zinachukua kati ya siku 75 na 90 hivi kutoka kupandikizwa mpaka kuanza kuvuna, na mvua yetu ikikatika mapema Desemba, hizo wiki nne alizozifukia ndizo alizozihitaji.

Kwa hivyo alipunguza. Nyanya akapanda nusu ya alizopanga, upande wa pili akaweka pojo ambazo haziombi maji mengi. Akatandaza nyasi kavu chini ya kila mche. Akamwagilia jioni, kwa kopo, kwenye shina, si kwa kurusha. Juu ya silanga akatandika neti ya kivuli kwenye nguzo. Na kabla ya yote hayo akazungusha ua wa miiba na kufunga kamba yenye mafundo iliyoshuka mpaka chini ya maji, kwa sababu laina ikilowa inateleza kama sabuni na mtoto akianguka hawezi kupanda. Usijaze silanga maji hata siku moja kabla ya kufanya hilo. Ua ni miiba tu, na kamba ni shilingi chache.

Nyanya zilitoa nusu ya karo. Nusu nyingine ilitoka kwa mbuzi ambaye hakuwa kwenye mpango.

Mwaka huu anataka laina kamili. Ameanza kuweka tangu Februari, na safari hii kamba mbili zimekatwa na kuning'inizwa kwenye msumari jikoni, moja ina fundo jekundu ni ya upande mrefu. Juzi alinipigia tena, saa kumi na mbili na nusu. Anataka kujua kama pampu ya sola ya kulipa mdogo mdogo kwa simu ina maana kwa silanga ya lita 98,000, au ni afadhali aendelee na kopo. Nilimwambia aulize kwanza jumla ya malipo yote mpaka mwisho, si ya kila wiki, na wakichelewa wiki mbili pampu inazimwa au la. Aliniambia nisubiri, akaenda kutafuta kalamu.